Kinachokoroma Uani

"Kuna kitu kinakoroma uani," alisema Mama Halo mezani asubuhi, kabla hata hajakoroga chai yake.

Mwanawe aliendelea kupaka siagi kwenye mkate ambao tayari ulikuwa umeshapakwa. Mkwewe, mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kuambiwa makubwa kuliko hayo na watu wafupi kuliko meza, aliuliza kwa upole, "Kinakoroma vipi, mama?"

Mama Halo akaweka kijiko chini, akafumba macho, akaitoa ile sauti. Haikuwa sauti ya kutolewa mbele ya chakula. Ilitoka chini kabisa ya koo, kavu, ndefu, ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta gunia kwenye sakafu ya saruji, halafu ikakatika ghafla. Mkwewe akajikuta amekishika kikombe kwa mikono miwili.

"Hivyo hivyo," alisema Mama Halo, ameridhika na kazi yake. "Kinaanza giza likiingia tu. Kinakoroma, kinapumzika, kinakoroma tena. Fundi, wewe hujakisikia?"

"Mimi sijasikia kitu," alijibu mwanawe, akainuka kwenda kazini na mkate akauacha.

Jina la Mama Halo lilitoka kazini. Tangu usichana mpaka kustaafu alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, enzi zile simu zote za nje zilipopitia chumba kimoja, kwa mwanamke mmoja mwenye vidude masikioni na msitu wa nyaya mbele yake. "Halo, hospitali," basi. Mtu akivuta pumzi tu ajibu, yeye ameshamjua. Daktari wa zamu alimjua kwa kikohozi. Alimjua mume anayeulizia hali ya mkewe, na alimjua mume anayeulizia hali ya mke wa mtu. Siku ya kumuaga walimpa saa ya ukutani, lakini masikio aliondoka nayo mwenyewe, na wala hakuficha kwamba yalikuwa masikio mazuri. Wengine hujisifia nyusi, yeye alijisifia masikio.

Sasa alikaa na huyu mwanawe wa mwisho, fundi wa majokofu, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache, ambaye mtaa mzima pamoja na mama yake walimwita Fundi. Chumba cha Mama Halo kilikuwa uani, kimejitenga na nyumba kubwa, naye alikipenda kwa sababu mlango wake ulifungukia nje na hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Kati ya chumba hicho na nyumba palikuwa na ua wa saruji, kamba za nguo, na stoo ya mabati ambamo Fundi alirundika majokofu yaliyokufa ili atoe viungo vyao kuwatibu walio hai. Chumba cha Fundi na mkewe chenyewe kilitazama barabarani, penye pikipiki na redio za vibandani. Kwa hiyo mwalimu naye, alipoulizwa akasema hakusikia kitu, alikuwa anasema kweli. Huyo tumuache kando.

Mama Halo hakuogopa. Alikereka kidogo tu, kama opereta anavyokereka mtu akipiga simu halafu hataki kujitaja. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja. Paka? Paka wakigombana sauti hupanda, na hiki hakipandi wala hakishuki. Chura? Chura huongea mvua ikinyesha, na mvua yenyewe watu walikuwa wameshaanza kuisahau. Mbwa wa jirani alikoroma kweli, ila yeye hata usingizini alikuwa analalamika. Panya hawana koo la namna ile. Popo aliwafikiria jioni nzima, kisha akawaondoa kwa sababu popo wana haraka, na huyo mkoromaji wa uani hakuwa na haraka yoyote. Tatizo lilikuwa mabati. Sauti iligonga ukuta wa jirani, ikarudi stoo, ikazunguka ua mzima, hata akashindwa kujua imeanzia wapi.

"Nifungulie stoo nitazame," alimwambia mwanawe.

"Ufunguo sijui nimeuweka wapi, mama."

"Wewe? Tangu lini unapoteza funguo?"

"Nitautafuta."

Hakuutafuta. Tena wiki ileile alirudi nyumbani na kompresa mpya ya dukani, ilhali stoo yake ilikuwa nazo za kutosha kugandisha samaki wa soko zima. Mama Halo aliliona hilo. Hakusema neno, ila aliliona.

Wiki ya pili ikaingia. Kila asubuhi Mama Halo alitoa taarifa yake mezani, na kila asubuhi Fundi hakusikia kitu. Hatimaye bintiye mkubwa akapiga simu. Huyo aliitwa Kamanda tangu darasa la kwanza, alikuwa na duka la mapazia na nyumba ghorofa ya juu upande wa pili wa mji, na alimpenda mama yake kwa amri.

"Mama, nasikia unasumbuliwa na sauti."

"Nani kasema nasumbuliwa? Nachunguza."

"Fundi anasema eti ni kama mtu anakoroma." Kamanda akashusha sauti. "Mama, huyo ni baba. Usione aibu. Ni majonzi tu hayo."

Mama Halo alicheka mpaka akashika ubavu. "Binti yangu, baba yako nilimsikia akikoroma umri wako wote, na kabla hujaja. Yule alikuwa anavuta ndani, anapuliza nje, katikati hapo anatafuna. Nikimtia kiwiko, kimya. Hiki hakivuti ndani hata mara moja, kinatoa tu. Mungu amrehemu baba yako, lakini mapafu ya namna hii hakuwa nayo."

Kamanda hakucheka, na Mama Halo alikisikia vizuri hicho kimya chake.

Siku ya Ijumaa, jua linaelekea kuzama, alikuwa anaanua nguo. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na Fundi alikuwa ndani anaongea na simu. Katika miaka yote ya kazi Mama Halo hakuwahi kusikiliza maongezi ya watu. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya chumba kile: unganisha, kisha toka. Lakini maneno haya hakuyaunganisha yeye. Yalijiletea yenyewe kupitia dirishani.

"Anasikia vitu, dada," mwanawe alikuwa anasema. "Njoo umchukue kesho. Akakae kwako. Hapana, siyo siku mbili tatu, akakae tu. Huku siyo pazuri kwake."

Mama Halo akabaki na shuka mikononi. Ilimuuma. Iliumiza kuliko alivyodhani kitu kinaweza kumuumiza katika umri wake, kwamba huyu, kitinda mimba wake, anamtoa nyumbani kwa simu ya dakika moja na wala hakuja kumwambia yeye. Alikunja shuka, akaingia chumbani, chakula hakwenda kula.

Sauti ilipoanza usiku ule hakuichunguza. Alikaa kitandani akafikiria wale wazee ambao watoto wao walipiga simu hospitali. "Mama anasikia vitu," walisema kwa sauti ya chini, naye aliwaunganisha na wodi inayohusika bila kuuliza zaidi. Je, wale kina mama nao walikuwa na uhakika kama wake? Kwa mara ya kwanza alijiogopa mwenyewe.

Kisha akafanya jambo la busara. Akaziba masikio kwa viganja. Sauti ikafifia. Akaondoa viganja, ikarudi. Akaziba tena, akaondoa tena. Akasema kwa sauti, peke yake mle chumbani, "Kilichoko kichwani hakizibwi kwa viganja." Basi akavuta shuka akalala fofofo, na kesho yake aliamka na njaa kali.

Kamanda alifika Jumamosi alasiri. Hata hakukaa. Aliingia chumbani kwa mama yake, akakunja magauni, akafunga begi, akamwamuru Fundi alipeleke kwenye gari, na Fundi akalipeleka. Ndipo wote wanne wakakaa mezani wanywe chai, maana hata Kamanda alijua kwamba huwezi kumhamisha mzazi kabla ya chai.

"Kwetu kuna lifti," alisema Kamanda. "Halafu kumetulia. Hakuna sauti zitakazokusumbua."

"Sauti hainisumbui. Kinachonisumbua ni kutojua ya nani."

"Mama, tumeshakubaliana."

"Na nani? Sikio halipiti kichwa, Kamanda. Mimi sijakubaliana na mtu."

"Kwa kweli hata mimi sijaelewa," alisema mwalimu, akimtazama mumewe. "Mama anapika, anafua, anatusahihisha wote. Hata kama anasikia hicho kitu, si anakisikia tu?"

Fundi alitazama kikombe chake. Mama Halo akajaza kikombe cha mkwewe kwanza kabla ya cha mtu mwingine yeyote, akasema, "Kitu kinakoroma, na siondoki hapa mpaka nikijue. Ufunguo usipoonekana, leo hii nalivunja lile kufuli la stoo kwa nyundo."

"Usiende huko!" Fundi aliropoka. Kisha akajishusha, akapunguza sauti. "Waache tu, mama. Wataondoka wenyewe."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kamanda aliendelea kukoroga chai, hakuona kitu. Mwalimu alikuwa anafuta meza. Lakini mkono wa Mama Halo ulisimama na birika hewani.

"Nani wataondoka?"

"Nimesema... itaondoka. Hiyo sauti."

"Hukusema hivyo." Akaliweka birika chini. "Mimi nasema kinakoroma, kwa sababu sijui ni nini, na kisichojulikana ni kitu. Dada yako anasema sauti, zinasumbua, kwa sababu anadhani ni za kichwani mwangu. Mkeo hajasikia, kwa hiyo hasemi. Wewe ambaye hujasikia chochote, wewe ndiye unasema waache, wataondoka. Kwa hiyo wana roho, na ni zaidi ya mmoja. Hao 'wa' wako ni nani, mwanangu?"

Fundi, mtu aliyezoea kupandisha jokofu ngazi kwa mgongo wake peke yake, jasho lilikuwa linamtoka kwa sababu ya herufi mbili.

"Ufunguo," alisema mama yake, akakunjua kiganja.

Ulikuwa mfukoni mwake muda wote.

Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama. Mama Halo alitangulia, mwalimu nyuma yake na tochi, na Kamanda nyuma ya mwalimu, kwa ajili ya kuthibitisha kwamba hakuna kitu. Fundi alibaki mlangoni mwa jiko. Kufuli likafunguka bila taabu. Mlango haujafika hata nusu, sauti ikawatokea usoni, nzito, karibu, kavu vilevile kama Mama Halo alivyoitoa mezani.

Kamanda aliruka, akamng'ang'ania mama yake mkono. "Ni nini hicho?"

"Ah, na wewe umekisikia? Pole, mwanangu. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo."

Mwalimu akamulika juu. Kwenye jokofu la juu kabisa, lililotolewa mlango, chini ya pengo kati ya mabati na ukuta, walisimama ndege watatu wa manyoya ya pamba, nyuso zao nyeupe na bapa, macho meusi tititi. Walikuwa wanayumba kama walevi. Mwanga ulipowafikia walifungua midomo wote kwa pamoja wakakoroma. Mara kitu cheupe kikubwa kikapita juu ya vichwa vya watu kutokea pengoni na kupotea nje, na kilichomshangaza Mama Halo ni kwamba mabawa yale makubwa hayakutoa mlio wowote. Masikio yake mazuri hayakupata hata pumzi.

"Bundi," alinong'ona mwalimu.

Kamanda alitoka kinyumenyume, ukamanda wote umemwisha. Mama Halo hakutoka. Alisimama akasikiliza, kichwa ameinamisha upande kama zamani mbele ya nyaya zake, na uso ukamkunjuka kwa furaha.

"Wala hawakoromi," alisema. "Ni njaa hiyo. Wanamwita mama yao. Ndiyo maana haipandi wala haishuki, na ndiyo maana hukatika. Inakatika akiwaletea." Akageuka. "Mwanga uwatoe machoni, mwalimu, wasije wakadhani sisi ndio chakula."

Walimkuta Fundi palepale mlangoni mwa jiko.

"Ulijua," alisema Mama Halo.

"Niliwaona siku ileile ya kwanza. Nilikwenda kuchukua kompresa, nikamulika, nikawaona. Nikafunga."

"Ukasema hukusikia."

"Mama. Bundi akilia nyumbani kwa mtu, anaita mtu. Wewe unajua, kila mtu anajua. Na mkubwa wa nyumba hii ni wewe. Nikasema, ukiwa kwa dada, hata akiita hatakukuta."

Kamanda akasema, "Kwa hiyo ukaniambia mama akili imemruka?"

"Ningekwambia ni bundi ungenicheka. Nikakwambia anasikia vitu, ukaamini kabla sijamaliza."

Kamanda akainamisha uso, maana hilo lilikuwa kweli.

Mama Halo alimtazama mwanawe. Hasira ilimpanda, na huruma nayo ilimpanda nyuma yake, na alijua akiipa huruma nafasi ya kwanza, hasira haitasema tena. Kwa hiyo akaanza na hasira, upande wake mwepesi.

"Nimepokea simu maisha yangu yote," alisema. "Simu ya kumtaka mtu naijua, na simu ya kuomba chakula naijua. Hao makinda hata jina langu hawana. Na hata kama ni mimi wanayenipigia, nitawaambia nilivyowaambia wengi: samahani, umekosea namba."

Mwalimu aliachia kicheko. Fundi hakucheka.

"Sasa nisikilize vizuri. Kufa nitakufa, Fundi. Hilo halihitaji ndege. Mimi siogopi kufa. Jana usiku nilikaa kwenye kitanda changu nikaogopa kwamba akili yangu imeniacha. Nilijiziba masikio kama mtoto ili nijipime. Hofu hiyo hakuniletea bundi. Umeniletea wewe, mwanangu, na jibu lake ulikuwa unatembea nalo mfukoni."

Fundi alilia. Alilia bila sauti, uso ameugeuzia ukutani, na mama yake alimsikia.

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Kwanza waambie hawa."

"Niwaambie nini?"

"Ulichosikia."

Akawageukia mkewe na dada yake, akajifuta kwa mkono wa shati. "Nilisikia," alisema. "Tangu siku ya kwanza. Kila siku mama aliyosema amesikia, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko nikasikia."

Kamanda akakohoa. Akatazama gari lake nje, akatazama ua, akatafuta amri ya kutoa, asiipate. "Basi lile begi..." alisema.

"Begi liko garini mwako," alisema Mama Halo. "Aliyelipeleka alirudishe." Akavuka ua kwenda zake, akafungua chumba chake, akawasha taa, akasimama mlangoni.

Njia ya kufika chumbani kwa Mama Halo ilikuwa moja tu, kukatisha uani, ubavuni mwa stoo. Fundi alitokea na begi begani, akafika ukingoni mwa saruji, akasimama. Giza lilikuwa limeshakamilika. Juu ya ukuta wa jirani alikuwa ametua yule mkubwa, mweupe, anamtazama. Na mle stoo wale watatu wakaanza upya, wote kwa pamoja, kwa nguvu zao zote.

Mama Halo angeweza kumwita. Angeweza pia kwenda kulipokea begi, maana halikuwa zito. Moyo ulimvuta afanye hivyo, akashika fremu ya mlango akajizuia.

Fundi alishusha pumzi, akatembea. Alitembea taratibu, mabega juu, kama mtu aliyebeba jokofu lenye kioo, na alipofika sambamba na mlango wa stoo alifumba macho lakini hakukimbia. Akafika. Akaliweka begi kando ya kitanda cha mama yake, shati limemganda mgongoni.

"Wako wangapi?" aliuliza.

"Watatu."

"Mimi niliona wawili."

"Ulihesabu huku unakimbia."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, puani. Akakaa kwenye kizingiti cha mama yake, miguu nje, na Mama Halo akavuta kigoda akakaa nyuma yake.

"Huyo aliyeanza sasa hivi ni mdogo wao," alisema baada ya muda. "Msikilize. Koo lake bado jembamba."

Fundi akainamisha kichwa upande, akasikiliza.